Trio Los Panchos: Sauti tatu zilizoiteka Amerika ya Kilatini

MEI 14, mwaka 1944, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa bado inaendelea, wanaume watatu walipanda jukwaani katika ukumbi wa Teatro Hispano ulioko Harlem, jijini New York. Wawili walikuwa raia wa Mexico na mmoja alikuwa mzaliwa wa Puerto Rico. Hawakuwa na bendi kubwa nyuma yao, wala tarumbeta, wala ngoma. Walikuwa na magitaa na sauti zao tu.

Wanaume hao walikuwa Alfredo Gil, Chucho Navarro na Hernando Avilés. Kundi lao waliliita Trio Los Panchos, na katika miaka iliyofuata jina hilo likageuka kuwa kipimo cha muziki wa mapenzi katika nchi zote zinazozungumza Kihispania. Kila trio iliyozaliwa baada yao, iwe Mexico, Puerto Rico, Peru au Ecuador, ililinganishwa nao, ama kwa kuwaiga ama kwa kujitahidi kuwakwepa.

Historia ya Los Panchos, hata hivyo, si ya nyimbo tamu peke yake. Ni historia ya kundi lililolazimika kubadili mwimbaji wake mkuu mara kwa mara, tena katika muziki ambao sauti ya mwimbaji huyo ndiyo kila kitu. Swali lililowaandama kwa zaidi ya nusu karne ni moja: je, wapenzi wa muziki hufuata sauti, au hufuata jina?

Chimbuko: Kundi la kaka mtu

Mizizi ya Los Panchos imo ndani ya familia. Alfredo Gil, ambaye jina lake kamili lilikuwa Alfredo Bojalil Gil, alizaliwa Agosti 5, mwaka 1915, na kwa sababu ya weupe wake mashabiki walimpa lakabu ya El Güero. Kaka yake, Felipe, naye alikuwa mwanamuziki, akijulikana zaidi kwa jina la El Charro Gil. Felipe ndiye aliyeunda kundi lililoitwa El Charro Gil y sus Caporales, na ndani ya kundi hilo alimweka mdogo wake pamoja na kijana kutoka mji wa Irapuato, katika jimbo la Guanajuato. Kijana huyo alikuwa José de Jesús Navarro, aliyefahamika kwa kifupi kama Chucho, mzaliwa wa mwaka 1913.

Caporales walikuwa kundi la mtindo wa kizamani wa Mexico: mavazi ya wapanda farasi, kofia pana na nyimbo za mashambani. Walivuka mpaka na kwenda kutafuta riziki Marekani, hususan New York, ambako jamii ya watu wanaozungumza Kihispania ilikuwa ikiongezeka na kumbi za kuwaburudisha zilikuwa nyingi. Felipe alimwoa mwimbaji Eva Garza, mzaliwa wa San Antonio, Texas, ambaye naye alipata umaarufu kwa kuimba bolero.

Kundi la ndugu halikudumu. Alfredo na Chucho walibaki wakiwa na wazo la kuanzisha jambo jipya: trio ambayo wote watatu watapiga gitaa na wote watatu wataimba, pasipo mmoja kuwa bwana na wengine kuwa wasindikizaji. Walichokikosa ni sauti ya kwanza. Waliipata kwa Hernando Avilés, mzaliwa wa San Juan, Puerto Rico, wa mwaka 1914. Hivyo ndivyo Los Panchos walivyozaliwa.

Jina lenyewe lilikuwa na mzaha ndani yake. Pancho ni jina la utani la mtu anayeitwa Francisco, na kutokana na umaarufu wa mpiganaji wa mapinduzi, Pancho Villa, Wamarekani wengi walizoea kumwita hivyo Mmexico yeyote. Vijana hao walilichukua jina ambalo lingeweza kuwa la dharau, wakalifanya kuwa nembo yao ya biashara.

Bolero ni nini?

Ili kuelewa kilichofanywa na Los Panchos, ni lazima kuufahamu muziki wenyewe. Bolero wa Amerika ya Kilatini ni tofauti na bolero ya Uhispania, ambayo ni ngoma ya kucheza. Huu wa Amerika ulizaliwa mashariki mwa Cuba, katika mji wa Santiago, mwishoni mwa karne ya 19. Mshona nguo na mpiga gitaa aliyeitwa Pepe Sánchez anatajwa kuwa baba wa mtindo huo, na wimbo wake Tristezas unahesabiwa kuwa bolero ya kwanza.

Ni muziki wa mwendo wa polepole, wa midundo minne, wenye mashairi yanayozungumzia mapenzi: kupenda, kuachwa, kungoja, kusaliti na kusamehe. Wapiga gitaa wa Santiago waliuimba barazani na chini ya madirisha ya wapenzi wao usiku. Kutoka Cuba ulivuka bahari hadi rasi ya Yucatán, na kutoka huko ukaingia Mexico nzima. Mwaka 1930 kituo cha redio cha XEW kilipofunguliwa katika Jiji la Mexico, bolero ilipata kipaza sauti kilichosikika mbali nje ya mipaka ya nchi hiyo.

Trio za kuimba hazikuanzia kwa Los Panchos. Cuba ilikuwa na Trio Matamoros, iliyoundwa mwaka 1925 na Miguel Matamoros, Siro Rodríguez na Rafael Cueto, watunzi na waimbaji wa nyimbo kama Lágrimas negras. Lakini Matamoros walichanganya bolero na son, muziki wa kucheza. Los Panchos wao waliivua bolero mambo yote mengine, wakaibakiza ikiwa sauti tatu, magitaa na manyanga, kwa ajili ya kusikilizwa kwa utulivu.

Requinto: Gitaa dogo lililobadili mambo

Mchango mkubwa wa Alfredo Gil, ambao pengine utadumu kuliko nyimbo zake, ni chombo cha muziki. Katikati ya miaka ya 1940 alitaka gitaa litakaloweza kupaa juu ya magitaa mengine mawili, lisikike wazi hata redioni, bila kuzifunika sauti za waimbaji. Gitaa la kawaida lilikuwa na sauti nzito mno kwa kazi hiyo.

Alichofanya ni kutengenezesha gitaa dogo zaidi, lenye shingo fupi, ambalo nyuzi zake sita zimekazwa ili zitoe sauti ya juu zaidi ya zile za gitaa la kawaida kwa hatua nne za ngazi ya muziki. Chombo hicho kinaitwa requinto. Mpiga requinto hutumia ncha za vidole au kibapa kidogo, akipiga noti moja moja kwa kasi, na sauti yake humeremeta kama vile mtu anamwaga shanga juu ya sahani ya kioo.

Gil alikitumia kwa namna ambayo baadaye ilikuja kuwa sheria ya trio zote. Kwanza, requinto hufungua wimbo kwa utangulizi mfupi, mara nyingi wa sekunde chache tu, unaomwezesha msikilizaji kuutambua wimbo kabla neno lolote halijaimbwa. Pili, hujibu kila mwimbaji anapovuta pumzi. Tatu, katikati ya wimbo hupewa nafasi ya kuzungumza peke yake. Santuri za wakati ule zilikuwa na uwezo wa dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kupoteza.

Upande wa sauti, kazi iligawanywa kwa nidhamu kali. Avilés aliimba sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Navarro aliimba sauti ya pili huku akipiga gitaa la kusindikiza. Gil aliimba ya tatu huku vidole vyake vikiwa kwenye requinto. Walipoimba pamoja, sauti hizo zilishikamana kiasi kwamba msikilizaji alisita kusema ni ya nani iko juu na ya nani iko chini. Hakuna aliyepiga kelele. Kipaza sauti kilikuwa kimeondoa ulazima wa mwimbaji kutumia nguvu za kifua kama katika opera. Sasa mtu aliweza kuimba kana kwamba ananong'ona sikioni.

Vita, redio na siasa za ujirani

Los Panchos walipata bahati ya kuzaliwa wakati Serikali ya Marekani ilipokuwa ikizitafuta nyoyo za majirani zake wa kusini. Chini ya sera ya ujirani mwema ya Rais Franklin Roosevelt, Washington ilitumia muziki, filamu na redio kujenga urafiki na nchi za Amerika ya Kilatini, ili zisivutwe upande wa Ujerumani. Shirika la utangazaji la CBS lilikuwa na kipindi kilichoitwa Viva América, kilichorushwa Marekani na katika nchi za kusini. Los Panchos walikuwa miongoni mwa wasanii waliotumbuiza katika kipindi hicho.

Matokeo yake ni kwamba sauti zao zilitangulia kufika katika miji ambayo wao wenyewe walikuwa hawajaikanyaga. Walirekodi santuri New York kwa kampuni ndogo kama Coda na Seeco, kisha baadaye wakaingia katika kampuni kubwa ya Columbia. Mwaka 1948 waliporudi Mexico, hawakurudi kama vijana waliokwenda kutafuta maisha ughaibuni. Walirudi kama nyota. Walitumbuiza redioni XEW na katika ukumbi wa starehe wa El Patio, uliokuwa ukipokea wasanii wakubwa.

Sinema nayo iliwapokea. Miaka hiyo inatajwa kuwa zama za dhahabu za filamu za Mexico, na karibu kila filamu ya mjini ilikuwa na mandhari ya ukumbi wa starehe ambamo msanii anaimba huku mhusika mkuu akilia moyoni. Los Panchos walionekana katika filamu nyingi za namna hiyo, mojawapo ikiwa ni Perdida ya mwaka 1950, iliyochezwa na mcheza ngoma wa Cuba, Ninón Sevilla. Filamu hizo zilisambazwa hadi Amerika ya Kusini, nazo zikawa tangazo ambalo wao hawakulilipia hata senti.

Nyimbo na watunzi wake

Gil na Navarro hawakuwa waimbaji tu, walikuwa watunzi. Navarro alitunga Rayito de luna, Una copa más, Perdida na Lo dudo. Gil alitunga Un siglo de ausencia, na wote wawili wanatajwa pamoja katika Sin un amor. Wimbo Caminemos ulitokana na utunzi wa Mbrazili Herivelto Martins. Gil ndiye aliyeuvika maneno ya Kihispania, na wengi hata leo wanauchukulia kuwa ni wa Mexico tangu mwanzo.

Aidha, walikuwa wepesi wa kutambua kazi nzuri ya wengine. Waliimba Contigo ya Claudio Estrada na Sin ti ya Pepe Guízar. Waliimba Nosotros, wimbo wa kuagana uliotungwa na Pedro Junco wa Cuba, ambaye alifariki mwaka 1943 akiwa kijana mdogo, bila kuuona umaarufu ambao wimbo wake ungeupata. Waliimba pia Bésame mucho ya Consuelo Velázquez, mpiga piano wa Mexico aliyeitunga mapema katika maisha yake, wimbo ambao umeimbwa kwa lugha nyingi duniani.

Kwa njia hiyo trio hiyo ilifanya kazi ya kuzikutanisha nchi. Mtunzi akiwa Havana, San Juan au Rio de Janeiro, kazi yake ilipopitia kwa Los Panchos ilisikika barani kote. Mtu wa Lima hakuhitaji kujua kwamba anasikiliza utunzi wa Mcuba ulioimbwa na Wamexico wawili na mtu wa Puerto Rico, ukarekodiwa Marekani.

Sauti ya kwanza yaondoka

Pigo la kwanza lilikuja mwaka 1951. Wakiwa katika ziara ya Amerika ya Kusini, Avilés aliachana na wenzake. Kwa kundi la aina nyingine, kuondoka kwa mtu mmoja kati ya watatu ni hasara. Kwa trio ya bolero, kuondoka kwa sauti ya kwanza ni kama nyumba kuondolewa mlango wa mbele. Ziara ilikuwa bado haijakwisha.

Mwokozi alipatikana njiani. Raúl Shaw Moreno, mzaliwa wa Oruro nchini Bolivia, alikuwa mwimbaji kijana mwenye sauti ya juu na laini. Alichukuliwa, akaimba, na nyimbo kama Lágrimas de amor zikapata umaarufu zikiwa na sauti yake. Hakukaa hata miaka miwili. Alikwenda kuanzisha kundi lake mwenyewe, Los Peregrinos, na aliendelea kuheshimiwa nchini mwake kama Mbolivia aliyewahi kuongoza trio kubwa kuliko zote. Alifariki mwaka 2003.

Aliyefuata, mwaka 1952, alikuwa Julito Rodríguez wa Puerto Rico, mtunzi wa wimbo Mar y cielo. Alikaa hadi mwaka 1956. Hapo likatokea jambo ambalo wachache walilitarajia: Avilés alirudi. Kwa miaka miwili trio ya mwanzo ilisimama tena jukwaani ikiwa kamili. Lakini kilichovunjika mwanzo hakikuunganika sawasawa, na mwaka 1958 aliondoka kwa mara ya pili, safari hii moja kwa moja.

Avilés hakwenda kukaa nyumbani. Pamoja na ndugu wawili pacha, Gilberto na Raúl Puente, aliunda kundi la Los Tres Reyes. Gilberto Puente alikuja kutambuliwa kuwa mmoja wa wapigaji hodari kabisa wa requinto, chombo kile kile ambacho Gil alikibuni. Kwa maneno mengine, mshirika wa zamani alikwenda kujenga upinzani kwa kutumia silaha iliyotengenezwa nyumbani kwake.

Nafasi yake Los Panchos ilichukuliwa na Johnny Albino, naye wa Puerto Rico, ambaye kabla ya hapo aliongoza Trio San Juan. Albino aliingia akiwa na jina lake tayari, na miaka yake, kuanzia 1958 hadi katikati ya miaka ya 1960, ndiyo iliyolivusha kundi nje ya ulimwengu wa Kihispania.

Japani na binti wa Bronx

Katika kipindi hicho Los Panchos walikwenda Japani, ambako walipokewa kwa shangwe isiyo ya kawaida. Wasikilizaji wengi hawakujua neno la Kihispania, lakini walivutiwa na upole wa sauti na usafi wa magitaa. Ziara hizo ziliwasha moto wa muziki wa Kilatini nchini humo, na vikundi vya Wajapani wenyewe vilianza kuimba bolero kwa mtindo wa trio, requinto ikiwemo.

Jambo la pili lilitokea Marekani. Mwaka 1964, Columbia iliwakutanisha na Eydie Gormé, mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za Kiingereza ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametamba na Blame It on the Bossa Nova. Gormé alizaliwa Bronx, New York, katika familia ya Wayahudi wenye asili ya Uhispania waliotoka nchi za Bahari ya Mediterania, na Kihispania alikisikia tangu utotoni. Kabla ya kuwa nyota aliwahi kufanya kazi ya ukalimani. Kwa hiyo hakuhitaji kukaririshwa maneno asiyoyaelewa.

Albamu yao, Amor, ilikuwa na nyimbo kama Sabor a mí ya Álvaro Carrillo, Piel canela ya Bobby Capó, Noche de ronda na Historia de un amor, ambayo Mpanama Carlos Almarán aliitunga kutokana na msiba wa kaka yake aliyefiwa na mke. Sauti ya kike iliyonyooka, ikizungukwa na sauti tatu za kiume zilizotulia, ilileta ladha mpya. Albamu hiyo iliuzwa sana Marekani na Amerika ya Kilatini, na mwaka 1965 ilifuatiwa na nyingine. Kwa watu wengi waliozaliwa baada ya hapo, Sabor a mí ni wimbo wa Gormé na Los Panchos, hata kama mtunzi wake ni mwingine na walioutangulia kuuimba ni wengine.

Walifanya kazi pia na Gigliola Cinquetti, Mwitaliano aliyeshinda tuzo ya Eurovision mwaka 1964, na baadaye na Waargentina Estela Raval na María Martha Serra Lima. Mbinu ilikuwa ile ile: kama sauti ya kwanza ya kudumu haipatikani, basi sauti ya mgeni ilete msisimko.

Ushindani, undugu na mabadiliko ya ladha

Mafanikio ya Los Panchos yalizaa washindani wengi. Mexico peke yake ilikuwa na Los Tres Diamantes, Los Dandys, Los Tres Ases, ambako ndiko alikoibukia Marco Antonio Muñiz, na Los Tres Caballeros wa Roberto Cantoral, mtunzi wa El reloj na La barca.

Baadhi ya washindani hao walikuwa na kitu ambacho Los Panchos walikikosa, yaani damu moja. Mfano mzuri ni Los Hermanos Rigual, ndugu watatu Carlos, Mario na Pedro, waliotoka Guantánamo nchini Cuba na kufanya makao Mexico. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walivuma duniani kwa wimbo Cuando calienta el sol, uliofika hadi kileleni Ulaya na ambao toleo lake la Kiingereza lilitamba Marekani mwaka 1964. Sauti za ndugu hufanana kwa maumbile na lafudhi, hivyo kushikamana kwao hakuhitaji kulazimishwa. Isitoshe, ndugu akigombana na nduguye jioni, asubuhi bado ni ndugu. Los Panchos, ambao mbegu yao ilitoka katika kundi la ndugu, walilazimika kuupata mshikamano huo kwa mazoezi na mikataba.

Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1960 upepo ulikuwa umebadilika. Vijana wa Mexico walikuwa wakicheza rock and roll, na waliotaka nyimbo za mapenzi walipewa mwimbaji mmoja mbele ya okestra yenye fidla nyingi. Trio ya magitaa ilianza kuonekana kuwa ni muziki wa wazazi. Los Panchos hawakufa, lakini waliingia katika kundi la wasanii wanaoitwa kutumbuiza ili kuwakumbusha watu zamani.

Sauti ya kwanza iliendelea kubadilika. Enrique Cáceres alishika nafasi ya Albino hadi mwaka 1971, akafuatiwa na Ovidio Hernández, aliyefariki mwaka 1976. Mwaka huo huo akaingia Rafael Basurto Lara, ambaye alikuja kuwa mwimbaji wa mwisho kuteuliwa na waanzilishi wenyewe. Gil alistaafu mwaka 1981, akimwachia requinto Gabriel Vargas. Navarro ndiye aliyebaki, akiimba sauti ya pili ile ile aliyoianza Harlem, hadi alipofariki Desemba mwaka 1993.

Jina ni la nani?

Avilés alikuwa wa kwanza wa waanzilishi kufariki, mwaka 1986. Gil, wa mwisho, alifariki Oktoba mwaka 1999 katika Jiji la Mexico. Vifo hivyo viliacha nyimbo, requinto, na mgogoro.

Mgogoro wenyewe ni wa jina. Kwa vile Los Panchos walizoea kubadili waimbaji, hapakuwa na mpaka ulio wazi wa kusema hapa ndipo kundi linapokoma. Waliowahi kuimba nao walijiona wana haki ya kuendelea. Familia nazo zilijiona ni warithi, akiwemo mtoto wa Navarro mwenye jina la baba yake, ambaye naye ni mwanamuziki. Matokeo yake, zaidi ya kundi moja lilizunguka duniani likijitangaza kwa jina la Los Panchos, na mnunuzi wa tiketi alilazimika kuuliza ni Panchos wepi anaokwenda kuwasikiliza.

Jina hilo lina thamani ya fedha. Ukumbi hujaa kwa sababu ya maneno mawili yaliyoandikwa kwenye bango, hata kama hakuna aliyekuwapo mwaka 1944. Wapo wanaoona kwamba hiyo ni kuwadanganya mashabiki. Wapo wanaojibu kwamba Los Panchos walikwishageuka kuwa mtindo tangu zamani, na kwamba waanzilishi wenyewe ndio waliofundisha somo hilo walipomwita Mbolivia aliyekutwa njiani na kumkabidhi sauti ya kwanza.

Mawimbi yaliyofika Afrika

Afrika haikuwa nje ya safari ya muziki huu. Tangu miaka ya 1930, kampuni ya HMV ilisambaza barani santuri za mfululizo wa GV zilizorekodiwa na wasanii wa Cuba, zikiwemo za Trio Matamoros. Santuri hizo zilipigwa katika miji ya bandari na ya migodi, na wanamuziki wa Kongo walijifunza kwazo. Katika santuri za Leopoldville za miaka ya 1950, neno bolero liliandikwa mara nyingi chini ya jina la wimbo wa taratibu, kama rumba lilivyoandikwa chini ya ule wa kuchangamka.

Tanganyika nayo iliguswa na wimbi hilo. Huko Morogoro, Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, aliita bendi yake Cuban Marimba, jina linaloeleza lenyewe ni wapi masikio yake yalikuwa yameelekea.

Desemba mwaka 2023, kamati ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, ilikutana Kasane nchini Botswana na kuiingiza bolero katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya Cuba na Mexico. Miaka miwili kabla, rumba ya Kongo ilikuwa imeingizwa katika orodha hiyo hiyo.

Kabla ya hatua hiyo ya UNESCO, soko lilikuwa limekwishatoa hukumu yake. Mwaka 1991, Luis Miguel, nyota wa Mexico aliyekuwa na miaka 21 tu, alitoa albamu ya bolero za zamani iliyoitwa Romance, na mamilioni ya nakala yakanunuliwa, mengi na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Albino alipoondoka kundini. Muziki uliodhaniwa kuwa wa wazazi ulirudi kwa watoto.

Hilo linasaidia kulijibu swali la sauti na jina. Waliosema Los Panchos ni Avilés walikosea, kwa kuwa kundi liliishi miaka mingi bila yeye. Waliosema jina pekee linatosha nao walikosea, kwa kuwa kila sauti mpya ilibidi ithibitishe upya kuwa inastahili. Kilichobaki bila kubadilika ni kile Gil na Navarro walichokipanga tangu New York: requinto inafungua, sauti ya kwanza inaingia polepole, nyingine mbili zinaipokea. Popote pale trio inapoimba kwa mpangilio huo, iwe katika uwanja wa Mexico au kwenye baa ndogo ya Tokyo, kazi yao inaendelea.